Makombo Mfukoni

Pale bekari hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Ulimi, kwa sababu kazi yake, mbali na kuviringisha madonge ya unga, ilikuwa kuonja. Ndivyo ilivyokuwa tangu Mama Mkubwa, mwenye bekari, alipowasha tanuri kwa mara ya kwanza: mkate wa kwanza ukitoka, Ulimi anaukata, anatafuna kipande polepole, wenzake wamemkodolea macho, kisha anasema, "Fungua!" Hapo ndipo dirisha la duka linafunguliwa. Asiposema, hata wateja wagonge vipi, halifunguliwi.

"Ulimi hauna mfupa," Mchomaji alizoea kumtania huku akipanga mikate tanurini, "lakini wetu una amri kuliko serikali."

Nyumbani Ulimi alikuwa na bosi mwingine, na huyo aliishi bafuni, nyuma ya mlango. Ilikuwa mizani ya kupimia uzito wa mwili, yenye mshale. Aliinunua baada ya harusi ya mdogo wake, ambako shangazi mmoja alimshika mashavu na kusema, "Ndoa imekukubali wewe! Unajaa tu!" Shangazi wa watu alikuwa anamsifu. Watu wakacheka, naye akacheka nao, ila neno lile lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Tangu hapo, kabla hajanawa uso, alipanda mizani. Mshale ukishuka, aliimba akipiga mswaki. Ukipanda, hata salamu ya mumewe aliijibu kwa nusu mdomo.

"Mizani imesemaje leo?" mumewe aliuliza akiwa mlangoni na kikombe chake. "Nataka kujua naamka na nani."

Aliuliza kwa mzaha, lakini hakuingia mpaka ajibiwe.

Taratibu mshale ukaanza kumtawala hata kazini. Chakula kilichomtia hofu kuliko vyote kilikuwa mkate. Asubuhi moja alikipeleka kipande mdomoni, akageukia rafu kana kwamba anatafuta kitu, akakiachia mfukoni mwa aproni. Akatafuna hewa. Akasema, "Fungua!" Hakuna aliyeshtuka, maana Mkandaji, aliyechanganya unga, hakuwa mtu wa kukosea, na mkate ulikuwa mzuri. Kesho yake akafanya vilevile, na keshokutwa, mpaka ikawa mazoea.

Lakini aproni hufuliwa. Mama aliyezifua uani, ambaye wote walimwita Shangazi, alikikuta kipande mfukoni. Siku nyingine akakikuta tena. Hakumwambia mtu. Alikivunjavunja akawamwagia ndege juu ya ukuta, na aproni ikikauka, alitia mfukoni karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi. Ulimi alidhani Shangazi anasahau karanga zake humo, akawa anampa Mchomaji.

Basi ikafika siku Mkandaji alipokuja kazini mwili peke yake. Moyo aliuacha nyumbani kwa mtoto mwenye homa. Mkate ulitoka umeumuka vizuri, rangi yake ya kupendeza. Ulimi alikata, akageukia rafu, akasema, "Fungua!"

Jua halijapita paa la jirani, mwalimu mstaafu wa mtaa ule alirudi na mkate wake umemegwa pembeni.

"Mama Mkubwa, leo mmeamua kutuuzia pamba?"

Nyuma yake walikuwapo wengine. Mama Mkubwa alimega, akatafuna, uso ukabadilika. Aliwaomba radhi wateja, akafunga dirisha, akawaita watu wake wote mezani.

"Mkandaji, chumvi iko wapi?"

Mkandaji aliliangalia kopo la chumvi. Lilikuwa limefunikwa vilevile, halijaguswa. "Nimesahau, Mama. Mtoto hakulala, na mimi..."

"Kusahau ni kwa binadamu. Ndiyo maana nina Ulimi." Akamgeukia. "Mwanangu, ulionja?"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la aproni. Akayainamisha macho. Kabla Ulimi hajafungua mdomo, Mkandaji akadakia, "Mama, labda ni mimi. Nilimharakisha. Usimlaumu."

Hakuwa amemharakisha hata kidogo. Mtu ana mgonjwa nyumbani, ana kosa lake mwenyewe mezani, na bado anatafuta nafasi mgongoni ya kubeba la mwenzake! Wema ule ndio uliomshinda Ulimi. Alitia mkono mfukoni, akatoa kipande, akakiweka mezani.

"Sikuonja. Na si leo tu."

Mchomaji alikuwa na utani kwenye ncha ya ulimi wake. Akaumeza.

"Mkate wangu una kasoro gani?" Mama Mkubwa aliuliza.

"Hauna, Mama. Ni mimi. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Mizani ya nyumbani."

Alingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Mama Mkubwa aliketi juu ya gunia la unga.

"Kesho mkate wa kwanza utakuwa hapa mezani kama kawaida," alisema. "Ukiweza kuula, kazi ni yako. Ukishindwa, sikufukuzi, utaendelea kuviringisha, ila kuonja nitampa mwingine. Watu wananunua kwa kuuamini mdomo wako. Siwezi kuwauzia mdomo mtupu."

Ulimi alitoka akaenda uani. Shangazi alikuwa anaanika.

"Shangazi, ulijua?"

"Mifuko yenu yote naijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mtoto wa watu, ukanikimbia? Nikakuwekea karanga."

"Zilikuwa zangu?" Ulimi alishika mdomo. "Mimi nilikuwa nampa Mchomaji!"

"Ala! Kumbe ndiyo maana siku hizi ananisalimia kwa bashasha vile."

Wakacheka mpaka machozi. Ya Ulimi yaliendelea baada ya kicheko kwisha, na Shangazi akamfuta kwa ncha ya aproni mbichi.

Jioni hiyo aliibeba mizani mpaka barabarani, ambako mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa anapita na mkokoteni. Mumewe alishauri wampe jirani, naye akakataa: "Nimtwishe mwanamke mwenzangu?" Mnunuzi aliiweka chini, akaipanda, akatazama mshale.

"Mama, mbona nzima? Inafanya kazi hii!"

"Ndiyo ubaya wake," alisema Ulimi. "Chukua, baba."

Asubuhi miguu yake ilijipeleka yenyewe nyuma ya mlango. Palikuwa na alama ya mraba kwenye sakafu, safi kuliko pengine pote. Akasimama juu yake. Hofu ikampanda: sasa atajuaje kama leo ni siku njema? Alisimama tu, nyayo juu ya sakafu baridi, akisikia mumewe akikoroga chai.

Halafu tumbo likanguruma. Aliishangaa sauti ile kama sauti ya ndugu aliyesafiri siku nyingi, anayebisha hodi bila kinyongo. Akawaza madonge yake ya unga. Kazini hakuna anayepima donge kujua kama limeumuka. Unalibonyeza kwa kidole na kungoja, nalo linakuambia. Akajibonyeza kiuno kwa kidole. Akacheka peke yake.

"Umeamka na nani leo?" mumewe aliuliza kutoka jikoni.

"Na njaa," alisema.

Kule bekari, mkate wa kwanza ulikuwa mezani ukitoa mvuke. Wote walisimama, hata Shangazi, mikono ina povu. Mkandaji, ambaye mtoto wake alikuwa amepoa homa, alijikunja kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Ulimi alikata kipande. Hakugeukia rafu. Alikitia mdomoni, akatafuna polepole. Ladha ikaja: ganda lenye moshi kidogo, utamu wa unga, na chumvi mahali pake.

Akameza.

"Haya?" alisema Mama Mkubwa.

"Ngojeni."

Mkandaji alishika kichwa. "Yarabi! Chumvi tena?"

"Chumvi ipo, kaka yangu. Mkate ni mzuri." Ulimi alichukua kisu. "Nataka kipande kingine."

Nje watu walikuwa wameanza kugonga dirisha. Mchomaji aliwapigia kelele wangoje, Ulimi anakula.