Hodi ya Nne

Kanisa lile la Kimethodisti lilisifika mtaani kwa jambo moja: lilijua kukaribisha wageni. Ukiingia kwa mara ya kwanza unapokewa mlangoni kwa mikono miwili na kuketishwa karibu na feni. Yakifika matangazo unaombwa usimame, useme jina lako na unakotoka, halafu watu wanakupigia makofi na kukuimbia mpaka unatamani sakafu ikumeze. Hakuna aliyewahi kutoka pale akilalamika kwamba hakukaribishwa. Mama Vifungo, fundi cherehani, yeye alikaribishwa mara nyingi kiasi kwamba hesabu ilimpotea.

Haikuwa kosa la mtu. Mchungaji alikuwa mmoja kwa makanisa mengi, na zamu yake hapo ilifika kwa nadra. Jumapili nyingine zote walihubiri walei kwa kupokezana, leo mwalimu wa hesabu, wiki ijayo nesi mstaafu, inayofuata yule muuza mabati mwenye mbwembwe. Kila mmoja alipanda mimbarini na macho yake mapya, akatazama huku na kule, akamwona mama mwembamba kwenye benchi la mwisho, uso asioujua, akafurahi kama aliyeokota kitu. "Naona leo tuna mgeni pale nyuma! Simama mama, usione haya." Na Mama Vifungo, mwanamke ambaye hata mteja akimletea kitambaa asubuhi akitaka gauni jioni hawezi kumwambia hapana, alisimama. Waliomwona akisimama Jumapili iliyopita walipiga makofi vilevile. Nani angemharibia mhubiri furaha yake?

Nyumbani, chumba kimoja na pazia katikati, alikuwepo mume wake. Walikuwa wamehamia mji huu kwa sababu ya hospitali kubwa iliyopo. Hospitali ilifanya ilichoweza, kisha daktari akavua miwani na kusema mzee akapumzike nyumbani, na kila mtu anajua maana ya daktari kuvua miwani. Safari ya kurudi kwao hakuiweza tena. Basi akalala pale, nyuma ya pazia, seremala aliyewahi kubeba milango begani peke yake, sasa anageuzwa na mke wake.

Huko walikotoka mzee alikuwa kiongozi wa darasa. Wamethodisti hugawa waumini wao katika vikundi vidogo, ndiyo madarasa, na kila darasa lina mtu wake wa kujua nani anaumwa, nani kafiwa, nani kanuna. Kila Jumamosi alipita nyumba kwa nyumba, na alikuwa na sheria zake. "Hodi ni tatu," aliwafundisha wenzake. "Usipoitikiwa ya tatu, geuka uende zako, mwenye nyumba ana yake. Kuingilia watu ndani ni ujambazi hata ukishika Biblia." Wakacheka, wakashika. Na akiwa kwake yeye, ukipiga hodi, "Karibuni!" yake iliwatoa hata majirani nje.

Sasa alikuwa na ombi moja tu, na hakulificha. Alitaka Meza ya Bwana, mkate ule na divai ile, kutoka mkononi mwa mchungaji, kabla hajafumba macho. Dawa alikwisha kuzichoka, na uji alikunywa kwa kumwonea mke wake huruma. Hilo moja ndilo lililombakiza.

"Na wakija wakapiga hodi," alimwambia mke wake, "usiitikie wewe. Niachie mimi."

"Nitakuachia, baba."

Kila Jumapili akirudi, kabla hata hajafungua kilemba, swali lilimpokea kutoka nyuma ya pazia. "Wanakuja?"

"Wanakuja."

Mtu asimlaumu kwa uongo ule. Alijaribu. Aliposimamishwa alijitambulisha, akasema amehamia hapa na mume wake, ambaye ni mgo... na makofi yakalifuta neno katikati. Mara nyingine akaanza na mume kabisa, akaacha jina nyuma, lakini mpiga kinanda alikuwa na mkono mwepesi. Akaona amfuate mzee wa mlangoni, yule anayegawa vitabu vya nyimbo.

"Pole sana, mama yangu," mzee alisema, na pole ile ilitoka moyoni. "Mwambie kiongozi wa darasa lako, yeye atamfikishia mchungaji. Uko darasa gani?"

"Sina darasa."

"Ahaa. Basi wewe bado mgeni. Kamati ya ukaribisho ikishakutembelea utapangiwa."

Akaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Huyo waumini walimwita Mama Karibu, na jina lilimkaa kama limepimwa: mwili mkubwa, moyo mkubwa zaidi, na daima mikononi ana sinia. Siku hiyo sinia lilikuwa na vikombe vya chai.

"Mama, mume wangu anaumwa sana, anaomba..."

"Tutamwombea, mama, tutamwombea! Na wiki hii kamati inapita kwako, lazima. Nyumba ipi?"

Mama Vifungo akaeleza: nyuma ya duka la vifaa vya umeme, geti la bluu, mlango wa mwisho. Mama Karibu akageuza shingo, akamtupia mwenzake maelezo yale yote bila kukosea, duka, geti na mlango. Kuhusu mgonjwa hakutaja kitu. Ugonjwa ulibaki pale kwenye sinia, katikati ya vikombe, ukapelekwa jikoni.

Lakini wiki hii! Mama Vifungo alirudi nyumbani karibu akimbie, na kwa mara ya kwanza akasema "Wanakuja" bila kutazama chini. Mzee akacheka. Akaagiza anyolewe ndevu. Akaagiza shuka safi, na pazia lifunguliwe ili autazame mlango.

Jumatatu cherehani haikulia. Wateja walikuja na vitambaa vyao wakaambiwa warudi wiki ijayo, na aliyesonya alisonya. Mama Vifungo alikaa kwenye kigoda akisikiliza kila kiatu kinachopita uani. Hakuja mtu.

Jumanne sauti ya mzee ikaanza kukwaruza. Jumatano ikawa mnong'ono, na jioni yake ikabaki midomo tu inayocheza. Watu wana neno lao kwa hali hiyo, husema mgonjwa amekata kauli, na wakishasema hivyo huanza kupiga simu kwa ndugu. Mama Vifungo hakutaka neno hilo liingie chumbani mwake. Alisema koo limemkauka. Akampa maji kwa kijiko.

Alhamisi dawa ya maumivu ikaisha. Alivumilia, akapiga mahesabu, akachungulia uani, akarudi. Mzee aliuma shuka. Basi akapiga moyo konde, akamwekea kikombe cha maji karibu na mkono, akavaa ndala na kutoka mbio hadi duka la dawa pale kona. Kulikuwa na foleni, na mbele yake kijana mmoja aliyetaka kusomewa kila kiboksi cha dawa ya chunusi.

Aliporudi alimkuta msusi wa chumba cha pili amekaa kizingitini na taulo begani, anakausha nywele.

"Mama Vifungo, wageni wako wamekuja."

Akatupa macho uani. "Wako wapi?"

"Wameondoka, dada. Watu wanne hivi, wamependeza, kanisani kabisa. Walipiga hodi kwako."

"Ukawaambia nini?"

"Mimi nilikuwa bafuni, nina povu hadi machoni, nitoke vipi? Nikasema moyoni mzee yumo, ataitikia mwenyewe. Si ana sauti yule? Si ndiye ananiamsha na nyimbo zake?" Msusi hakujua. Nani angemwambia? "Wakapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wastaarabu kweli, hata kitasa hawakukigusa. Nikamsikia mmoja anasema, hawapo hawa, tusisumbue. Wamekuachia sukari hii."

Mama Vifungo hakuipokea sukari. Alisukuma mlango.

Mzee alikuwa nusu kitandani, nusu hewani. Mguu mmoja ulikuwa chini, shuka limemfuata, mkono umenyoka kuelekea mlangoni. Kikombe kilikuwa sakafuni, katikati ya dimbwi la maji, mbali kuliko mtu angedhani mkono ule ungeweza kukitupa. Kilikuwa cha plastiki. Alikinunua yeye mwenyewe mwezi uliopita, baada ya kile cha udongo kupasuka, ili asije akajikata. Kikombe cha udongo kingepiga kelele.

Akamrudisha kitandani, akamfuta uso. Uso ulikuwa umelowa, na si kwa maji ya kikombe.

"Umewasikia?"

Mzee akafumba macho, akayafumbua.

Kwa hiyo alizisikia zote tatu. Alizijua, alizifundisha, na ilipopita ya tatu alijua zaidi ya mtu yeyote duniani kwamba sasa wanageuka. Mama Vifungo alitamani kumpiga mtu. Lakini ampige nani? Wote walikuwa na adabu.

Alikimbia hadi barabarani, akatazama kulia na kushoto, hakuona hata kitambaa cha kichwa. Akarudi. Kwenye pakiti ya sukari kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, imeandikwa "Karibu kanisani", na namba ya simu. Msusi akampa simu yake bila kuombwa mara mbili.

"Mama!" Sauti ya Mama Karibu ilikuwa na furaha tele. "Kamati imefika leo, hawakukukuta! Lakini usijali, tumehesabu umetembelewa. Sasa wewe si mgeni tena, ni wa nyumbani!"

"Mama, mume wangu alikuwemo ndani."

"Ndani? Mbona hakuitika?"

"Hana sauti."

Kisha akasema yote, tangu hospitali hadi kikombe, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyempigia makofi. Upande wa pili akasikia mtu mzima analia.

"Mbona hukusema, mama? Jamani, mbona hukusema?"

Alisema. Alisema kwa mzee wa mlangoni, alisema mbele ya sinia, alisema mbele ya kanisa zima. Lakini unamjibuje mtu anayelia kwa ajili yako? "Sikusema vizuri," Mama Vifungo alijibu. Akauliza kuhusu mchungaji.

Mchungaji alikuwa ameondoka jana kwenda kwenye konferensi, mkutano wao mkuu, mji wa mbali, hadi wiki ijayo. Meza ya Bwana hawezi kuitoa mlei yeyote, hata awe na imani ya kuhamisha milima.

"Mchungaji mwingine basi, wa kanisa la jirani."

"Wote wameenda, mama."

"Wote?"

"Ndiyo konferensi yenyewe. Lakini mimi nakuja kesho alfajiri, nakuja na kamati nzima, tutamwimbia. Nitapiga simu huko huko waliko, nitapiga hadi wapokee."

"Njooni," alisema Mama Vifungo. "Na msipige hodi. Ingieni tu."

Akarudisha simu, akaingia ndani. Alimpa mzee dawa kwa kijiko, nusu ikatoka pembeni ya mdomo. Pumzi zake zilikuwa zimeanza kupishana, moja inakuja, nyingine inachelewa mpaka unainuka kuitafuta. Kesho alfajiri ilikuwa mbali sana. Wiki ijayo haikuwepo kabisa. Na macho ya mzee hayakumtazama yeye, yalikuwa mlangoni, yanangoja, kama vile wale watu wangeweza kukumbuka kitu na kurudi.

Mama Vifungo hakuwa na mkate uliobarikiwa wala mikono ya kuubariki. Akasimama, akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake.

"Unaenda wapi tena?" aliuliza msusi.

Alijitengeneza kilemba, akaweka ndala sawa, akauelekea mlango wake mwenyewe kama mtu aliyeelekezwa hapo na watu.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi hapa!"

Msusi alikwisha kuweka taulo chini. Mpangaji wa ng'ambo alitoa kichwa dirishani, akakirudisha.

"Hodi wenyewe!"

Hiyo ilikuwa ya tatu. Hapo ndipo mtu mwenye adabu hugeuka akaenda zake. Mama Vifungo aliegemeza paji la uso kwenye mbao, akasikiliza, hakusikia chochote, wala hakubanduka.

"Hodi, baba," akaita ya nne, kwa sauti ndogo, akaingia bila kuitikiwa.

Midomo ya mzee ilikuwa inacheza. Polepole, inakutana na kuachana, neno lilelile, bila shaka tangu hodi ya kwanza. Alipopiga magoti na kuweka sikio mdomoni mwake ndipo akalipata, pumzi tupu yenye umbo la "karibu". Nje ya mlango hakuna binadamu ambaye angelisikia. Kulisikia, ilibidi uwe umeshaingia.