Shamba Lililolimwa Mara Mbili

Nisipoteze muda kwa kujitetea. Nilimdanganya mtu aliyeniamini, nikamdanganya kwa sauti ya upole, na wala sikuwa na njaa wakati nafanya hivyo. Nilitaka mashine ya kudarizi.

Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu kiko barabara ya soko: mlango mmoja, dirisha moja, cherehani mbili za miguu na meza ya kukatia aliyoichonga marehemu baba. Baba aliniachia pia shamba la ekari tatu nje kidogo ya mji, nusu saa kwa baiskeli. Mimi na jembe hatujawahi kuelewana, kwa hiyo kwa miaka tisa shamba hilo nilimkodisha mtu mmoja tu, ambaye mji mzima unamwita Bwana Ratiba.

Jina hilo alilipata kwa sababu kila jambo lake lina siku yake. Kuna siku ya kulima, siku ya kuchagua mbegu, siku ya kufua shati la kwenda nalo kulipa kodi. Kila baada ya mavuno alikuwa anakuja kibandani, anakaa kwenye kiti cha wateja, ananipa habari za shamba "letu". Mwanzoni hilo "letu" lilinikera. Baadaye nikalizoea, maana yeye alilijua kila tuta na mimi sikujua hata kona ipi inatuama maji.

Karatasi hatukuwa nayo. Kwetu kukodi shamba ni neno la mdomo, na sheria ambayo hata mtoto anaijua ni moja: mbegu ikishafukiwa, mwenye shamba hana la kusema mpaka watu wavune. Mgombane, mtukanane, msimu ni wa aliyepanda. Lakini shamba likiwa tupu ni la mwenyewe, na anaweza kumpa amtakaye siku hiyo hiyo.

Wiki mbili kabla ya mvua aliingia kibandani mfanyabiashara wa matikiti, mtu mnene mwenye simu mbili na haraka nyingi. Alizitaka ekari zangu tatu kwa miaka miwili, na angelipa zote kwa mkupuo. Upande wa pili wa barabara jirani yangu alikuwa ameshanunua mashine ya kudarizi, na wateja wangu walikuwa wananisalimia kwa adabu wakipita kwenda kwake. Nilikuwa nikilala naiota hiyo mashine.

"Kuna kitu kimepandwa?" aliniuliza, macho yakiwa kwenye simu.

"Bado."

"Basi kisipandwe. Nitalipa mwisho wa mwezi. Nikikuta mahindi ya mtu, mimi na wewe hatujuani."

Ningeweza kumweleza Bwana Ratiba ukweli siku ile ile. Angeumia, lakini angekuwa na muda wa kutafuta shamba jingine. Ila pia angeweza kwenda kupanda kesho yake asubuhi, na ningemfanya nini? Halafu yule wa matikiti je, akighairi? Nitabaki mikono mitupu, sina matikiti wala mkulima. Niliwataka wote wawili wanisubiri mimi. Nikamwita Bwana Ratiba.

"Usipande kwanza," nikamwambia. "Kaka yangu anakuja kupima mipaka. Sitaki watu wake wakukanyagie mbegu."

Kaka yangu yupo kweli. Anaishi mbali, na tangu tumzike baba hajauliza hata siku moja kama shamba lipo au limeliwa na mchwa.

"Lini, dada?"

"Siku yoyote kuanzia sasa. Subiri kidogo tu."

"Hakuna shida. Nimeshalima mara mbili, udongo umekuwa unga. Atapima bila taabu."

Siku tatu baadaye mteja mmoja akanipa habari kwamba amemwona Bwana Ratiba na mkewe wanafyeka majani kwenye mpaka wa shamba, pande zote nne, ili kaka yangu apite vizuri na kamba yake. Mkasi uliacha njia nikaharibu kitambaa cha watu. Nikamfokea yule mteja kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Mvua ikaanza kunyesha, mvua nzuri, ya kutulia. Bwana Ratiba akaja amekunja suruali, akasimama mlangoni asije akanichafulia sakafu kwa tope.

"Dada, kaka vipi?"

"Amepata udhuru. Kesho kutwa."

Akarudi baada ya wiki. Mahindi ya majirani yalikuwa yameshachomoza.

"Mke wangu ananisumbua nipande tu," alisema huku akicheka kwa aibu. "Tumegombana mpaka hanisemeshi. Nimemwambia nimeshakubali kusubiri, siwezi kumvunjia dada heshima."

Nilikuwa nageuza ukosi wa shati, na macho sikuyanyanyua. "Umefanya vema," nikamwambia. Maneno hayo yalinitoka mimi, kwa kinywa changu, na mpaka leo yananichoma.

Mwisho wa mwezi yule wa matikiti akalipa. Nikamwita Bwana Ratiba nikamwambia shamba limepata mtu mwingine. Kabla hajajibu nikaanza kubwabwaja, mara biashara ngumu, mara mambo ya familia. Kisha akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo kaka haji?"

"Haji."

"Kumbe."

Akaaga, akaondoka. Niliona wazi kwamba anafikiri kaka ndiye aliyeamua mambo huko aliko, nami nikamwacha afikiri hivyo.

Mashine ikaja. Nilidarizi maua mekundu kwenye mashuka ya bibi harusi, watu wakasifu, jirani akanuna. Sikuifurahia hata siku moja. Nilikuwa nagombana na uzi, nagombana na wateja, na nikifika nyumbani nagombana na sufuria.

Siku ya nane tangu mashine ifike, mke wa Bwana Ratiba akaingia kibandani. Nilijikaza nikingoja matusi, tena niliyatamani. Hakuja na matusi.

"Dada, tunaomba msaada wako," alisema, na kiti akakikataa. "Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ana kipande cha shamba kule bondeni. Mahindi yameshapita wakati, lakini maharage yanawahi, yakipandwa wiki hii. Yakipita haya, nyumbani hatuna cha kula mpaka mwakani. Sasa huyo bwana hataki kutupa. Amesikia mume wangu alikaa na shamba limelimwa mvua ikinyesha, anasema huyo mvivu. Anataka asikie kutoka kwako."

Nikafunga kibanda mchana kweupe, tukaongozana.

Dukani kulikuwa na vumbi la saruji na mizunguko ya waya imetundikwa ukutani. Mwenye duka alikuwa anapima misumari kwenye mizani. Bwana Ratiba alikuwa amekaa pembeni juu ya ndoo ya rangi, ndani ya shati lake la siku ya kodi. Aliponiona alisimama na uso ukamchanua, akiamini mkombozi wake amefika. Nusura nigeuze njia.

"Karibu, mama," mwenye duka akasema. "Huyu ni mtu wako?"

"Miaka tisa. Hajawahi kuchelewesha kodi. Shamba analitunza kuliko mimi mwenyewe."

"Hayo nimeyasikia. Mimi nina swali moja. Mvua imenyesha wiki tatu, shamba limelimwa, mtu hajatia hata mbegu moja. Alikuwa anafanya nini?"

"Aliambiwa asubiri."

"Na nani?"

"Na mimi. Kulikuwa na mambo ya kupima mipaka."

"Mama, miezi miwili iliyopita mimi nimepima kiwanja hiki na uchochoro. Kwa saa mbili tu kazi imekwisha. Wiki tatu nzima alisubiri kupimiwa?" Akamwaga misumari kwenye mfuko. "Huyu ni mvivu, na wewe una huruma. Nakuelewa."

Ningeweza kuondoka na huruma yangu hiyo ya kusingiziwa. Nilimtazama Bwana Ratiba, naye alikuwa anatazama sakafu. Nikapiga moyo konde.

"Hakukuwa na kupima," nikasema. "Kaka yangu hajui lolote. Nilikuwa nimepata mtu wa matikiti, na nilijua huyu akipanda sitaweza kumtoa. Nikamdanganya asipande mpaka nilipwe. Si mvivu. Kosa lake ni kuniamini."

Nilimngoja Bwana Ratiba aniangalie, aniseme, anitemee mate akitaka. Hakuniangalia kabisa. Alimgeukia mkewe.

"Uliniambia," akamwambia.

Mkewe akamshika mkono wa shati. Nilitaka kuomba msamaha, lakini nikiomba saa ile ningekuwa nawaomba wanitunze mimi tena, wakati hawana hata pa kupanda. Nikafunga mdomo.

Aliyecheka ni mwenye duka. Alicheka kwa moyo mweupe, akapiga meza mpaka mizani ikaruka.

"Kumbe inawezekana hivyo!" akasema. "Mimi miaka yote nahangaika na watu, hawatoki mpaka wavune, kumbe dawa ni kuwazuia mwanzo. Mama, una akili wewe!"

"Sijakuambia ili ufanye," nikasema, na sauti ikanipanda. "Nimekuambia ili umpe shamba!"

"Shamba nampa. Si umesema si mvivu? Tena anasikiliza, mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka."

Akachana kipande cha mfuko wa saruji, akachukua kalamu ya sikioni, akaandika taratibu huku akijisomea kwa sauti: Bwana fulani anakodi shamba la bondeni, anaanza na maharage wiki hii. Kuanzia msimu ujao hatapanda kitu chochote mpaka mwenye shamba amwambie panda. Akasogeza karatasi mbele.

Bwana Ratiba aliisoma yote. Aliisoma mara ya pili, kidole kikifuata mistari. Kisha akaweka sahihi.

"Na shahidi," mwenye duka akasema, akanipa mimi kalamu. "Bila shahidi sitoi shamba."

"Siweki sahihi kwenye uchafu huu," nikasema.

Hapo ndipo Bwana Ratiba aliponitazama kwa mara ya kwanza tangu niseme ukweli. Hakuwa amekasirika. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu usiyemjua aliyeziba njia.

"Weka sahihi, mama," akasema. Miaka tisa alikuwa ananiita dada. "Tuna maharage ya kupanda."

Nikaweka.