Mkono Ulioshika Balungi

Rosario hakufungua mlango. Eduviges Treviño alibisha tena, akasogea dirishani ili beji yake ionekane vizuri: mikono miwili imeshika balungi, na chini yake jina, Hermandad de la Toronja, yaani Udugu wa Balungi. Katika vitongoji vya nje ya mji wa Mission, kusini kabisa mwa Texas, beji ile ilikuwa ikifungua milango ambayo hata padri aliachwa nje. Mwenye balungi kifuani hakuulizi umeingiaje nchini. Amekuja kukueleza haki zako, kukuandikisha kupiga kura kama unaruhusiwa, au kukuletea sufuria ya maharage kama ndani kuna mgonjwa.

"Rosario, ni mimi, Viche!"

"Najua ni wewe, doña Viche. Nenda zako salama."

"Unaniacha juani hivi? Nimekukosea nini?"

Pazia likasogea kidogo. "Wenzako walikuja juzi na hilo balungi lao kifuani. Wakasema tia sahihi hapa, ni kwa ajili ya watoto. Nikatia. Nitaachaje, si ni Balungi? Jana binti yangu kanisomea gazeti. Kumbe nimetia sahihi ya kutaka ukuta mpakani! Mimi! Na mume wangu yuko upande wa pili wa huo huo ukuta!"

Eduviges alisimama pale uso ukimwaka kama kachapwa kofi. Hakuhitaji kuuliza wenzake gani. Walikuwa watu wa Heriberto Longoria, na Heriberto alikuwa compadre wake.

Tuelewane hapo, maana ndipo panapoumiza. Ukishamshika mtoto wa mtu penye maji ya ubatizo, wewe na mzazi wake mmekuwa comadre na compadre mpaka kaburini. Hakuna talaka yake. Mnaheshimiana kuliko ndugu wa tumbo moja, na mkigombana mnagombana kwa adabu. Eduviges alimshika Efraín, mtoto wa pekee wa Heriberto, mwaka ule wa baridi kali iliyoua michungwa na mibalungi ya bonde zima. Mwaka huo huo ghala la kupakia matunda lilifungwa, tajiri akawatupa wafanyakazi nje kama maganda, na watu watatu wakaketi jikoni kwa Eduviges wakaanzisha Udugu: yeye, marehemu mumewe Anselmo, na Heriberto.

Kisha Efraín akakua, akaajiriwa ulinzi wa mpaka, kama vijana wengi wa huko wanaotaka mshahara wa uhakika na bima ya matibabu. Siku moja Udugu wakaandamana, na kijana mmoja akabeba bango lililoandikwa kwamba walinzi wenye majina yetu ni wasaliti. Efraín alikuwa zamu, amesimama mbele ya bango lile, jina la Longoria kifuani. Tangu siku hiyo Heriberto akavua beji. Akaanzisha kundi lake, watu wa familia, kanisa na mpaka wenye lango, na kundi hilo akalipa jina gani? Udugu wa Balungi! Jina lile lile, mikono ile ile, akaenda kuvisajili serikalini viwe vyake. Mawakili wake wakamwandikia "Bibi Eduviges Treviño" aache kutumia mali ya wenyewe. Eduviges alikuwa ameitia ile barua chini ya kopo la sukari, akidhani ni utani mbaya utakaopita.

Haukupita. Alitoka mlangoni kwa Rosario akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Heriberto.

Ilikuwa Jumapili, na alimkuta uani anachoma nyama, aproni shingoni.

"Pita, comadre, pita!" Akamfutia kiti kwa aproni ile ile.

Hasira ya mtu aliyekuja kugomba akapewa kiti ni mbaya kuliko zote. Eduviges hakuketi.

"Sikuja kula, compadre."

"Kwangu haji mtu asile."

"Umemwibia Rosario sahihi yake."

"Nani kaiba? Karatasi kapewa, kalamu kapewa. Kasoma, katia."

"Rosario hajui kusoma! Na wewe unajua kwamba hajui! Alichosoma ni beji!"

Heriberto akageuza nyama taratibu. "Basi kaamini balungi. Na balungi ni langu, lina hati."

"Balungi ni la Anselmo! Kalichora kwa mkono wake, Mungu amrehemu, kwenye kipande cha boksi, mezani kwangu!"

"Anselmo alichora, sikatai. Kachora mkono wa nani?" Akaweka koleo chini, akamwinulia mkono wa kulia. Kidole cha shahada kiliishia katikati. Nusu nyingine ililiwa na mashine ya ghala. "Kushoto ni mkono wako, kulia ni huu. Hebu niambie, comadre, mtu anaweza kuiba mkono wake mwenyewe?"

"Anaweza, akiutumia kumdanganya mjane wa mume aliye hai."

Hapo sauti ya Heriberto ikapanda. "Na ninyi mlimwita mwanangu msaliti chini ya mkono wa baba yake! Mwanao wa ubatizo, Viche! Nilikuja nikakuomba: comadre, waambie washushe lile bango. Ukanijibu nini?"

Eduviges alikumbuka vizuri alichojibu, na hakupenda kukumbuka.

"Nilisema vijana wana hasira."

"Sasa hata mimi nina hasira. Chukua nyama."

Hakuchukua. Aliondoka huku harufu ya nyama ikimfuata mpaka garini, na njia nzima alikuwa akimtukana kwa sauti, peke yake, matusi ambayo comadre hapaswi kuyajua.

Wakili wa Udugu alikuwa Yesenia Cavazos, binti wa mchuma mabalungi, mdogo wa umbo na mkali kama pilipili. Alimweleza Eduviges jambo lililompa moyo.

"Sheria haimtazami aliyetangulia kusajili, doña Viche. Inamtazama aliyetangulia kutumia. Nipe ushahidi kwamba mlitumia balungi kabla yake, nami nitamvua beji mbele ya jaji. Nipe picha za zamani, vipeperushi, daftari la wanachama, chochote."

Moyo ule ule ukazama. "Hatuna."

"Hamna hata kimoja? Miaka yote hiyo?"

"Tulichoma."

Na ni kweli walichoma. Ndiyo ilikuwa kanuni ya kwanza ya Udugu, na Eduviges mwenyewe ndiye aliyeitunga. Nusu ya watu wao hawakuwa na hati za kuishi nchini, na karatasi yenye jina la mtu wa aina hiyo ni kamba ya shingo yake. Kwa hiyo mikutanoni hakupigwa picha, wanachama hawakuandikwa, na vipeperushi vyote viliingia kwenye pipa la moto nyuma ya ofisi kabla watu hawajatawanyika. Walijificha vizuri mno, hata sasa hawakuweza kuthibitisha kwamba waliwahi kuwepo. Hata mchoro mkubwa ulioko ukutani mwa ofisi ulikuwa umepakwa rangi upya mwaka juzi.

"Mashahidi je?" Eduviges akauliza.

"Wasio na hati hawawezi kukanyaga mahakama ya serikali kuu. Wenye hati ni watu wako, jaji ataona wanakutetea. Kimebaki hiki tu." Yesenia akagusa kile kipande cha boksi cha Anselmo, ambacho Eduviges alikuwa amemletea. "Hakina tarehe. Wakili wao atasema kimechorwa wiki iliyopita."

"Beto anajua kilichorwa lini." Ndivyo alivyomwita Heriberto tangu ujana.

"Anajua, ila katika maelezo yake ya kiapo hakuna jina la Anselmo hata mara moja. Wamemfunga mdomo. Nikimuuliza kilichorwa na nani, atasema hakumbuki."

Eduviges akautazama ule mkono wa kulia uliochorwa kwa penseli, kidole chake kifupi kikiwa pale pale kilipokatikia. Alimfahamu mwenye mkono kuliko mawakili wote wa Texas.

"Usimuulize nani kachora," akasema. "Mwambie huo mkono ni wa Anselmo."

"Kwa nini?"

"Mashine ilipomkata, msimamizi alisema Beto alikuwa amelewa, ili asilipwe. Beto hajawahi kuonja hata bia. Kile kidole ndicho nishani yake, binti yangu. Anselmo alipokichora kilivyo, Beto alilia jikoni kwangu kama mtoto. Alisema sasa angalau karatasi moja duniani inasema ukweli." Eduviges akamsogezea kile kipande cha boksi. "Mnyang'anye kidole hicho uone."

Alipotoka pale alijua amefanya nini. Alikuwa ameuza machozi ya compadre wake. Lakini akamkumbuka Rosario nyuma ya pazia, na hasira ikamrudia, akaishika kwa nguvu kwa sababu bila hiyo asingeweza kufika mahakamani.

Siku ya shauri Heriberto alivaa suti aliyomzikia mkewe. Efraín aliketi nyuma yake katika nguo za kiraia, akitazama viatu vyake. Mwanzoni Heriberto alijibu kama alivyofundishwa: alama ilianza kutumika kundi lake lilipoundwa, ya zamani hayakumbuki. Eduviges alimsikiliza, na kila "sikumbuki" ilimchoma kama sindano. Mtu aliyekula mezani kwake! Mtu aliyebeba jeneza la Anselmo!

Yesenia akamwonyesha kile kipande cha boksi.

"Bwana Longoria, huu mkono wa kulia, si ni mkono wa marehemu Anselmo Treviño?"

"Pingamizi!" wakili wake akadakia.

"Ajibu," jaji akasema.

Heriberto akakodoa macho. "Wa nani?"

"Wa Anselmo Treviño. Inaelekea hata yeye aliumia pale ghalani. Nadhani alikatika kidole, sijui ulevi au bahati mbaya tu..."

"Ulevi?" Heriberto alikuwa ameshasimama. Wakili wake alimvuta koti, Heriberto akaupiga mkono ule uliomshika. "Anselmo alikuwa na vidole vyake vyote mpaka anazikwa! Huu ni mkono wangu! Wangu! Kauchora Anselmo usiku ule ghala lilipofungwa, jikoni kwa comadre, mke wangu yuko hai, mwanangu hajaanza kutambaa! Alizungusha penseli hivi!" Akapiga kiganja chake juu ya boksi, nao mchoro ukaingia chini ya mkono wake bila kubakiza kitu, kasoro vidole vilikuwa vimenenepa kwa uzee. Kile kifupi kiliishia pale pale.

Heriberto akautazama mkono wake, kisha akamtazama wakili wake aliyekuwa amefumba macho, na ndipo alipofahamu. Hakumtazama Yesenia hata kidogo. Alimtazama Eduviges.

Jaji aliamuru kundi la Heriberto livue jina na alama mpaka kesi iishe, na kila aliyekuwepo alijua kesi imeisha. Ukumbini, Efraín alimjia Eduviges, akainamisha kichwa mbele ya mama yake wa ubatizo.

"Baraka yako, madrina."

Eduviges akamchorea msalaba kwenye paji la uso. Alitaka kusema juu ya lile bango, badala yake akamnyoosha ukosi wa shati.

Heriberto akasimama mbele yake. "Wewe ndiye uliyemfundisha yule binti."

"Ni mimi."

"Nililia kwako, Viche. Jikoni kwako."

"Na Rosario katia sahihi mlangoni kwake. Alikuamini."

"Basi tumelingana." Akavaa kofia yake. "Kwaheri, Bibi Treviño."

Miaka yote ile, hata siku ya nyama, alikuwa hajawahi kumwita hivyo kwa mdomo wake. Tusi lililovikwa adabu! Eduviges alitaka kumrushia pochi kichwani. Alitaka pia kumkimbilia. Hakufanya lolote, naye akaenda na mwanawe mpaka mlango ukajifunga.

Ofisini walimpokea kwa vigelegele na chungu cha tamales, mikate ya mahindi iliyopikwa ndani ya maganda yake. Chela, katibu wa Udugu, mwanamke mwenye sauti ya tarumbeta, alikuwa tayari juu ya ngazi mbele ya mchoro wa ukutani, brashi mkononi.

"Doña Viche, tunaanza na mkono wa huyu mwizi! Namfuta, tunachora wa mtu mwingine, mwenye vidole kamili!"

"Shuka."

"Lakini ni mkono wa Longoria!"

"Ni mkono wa compadre wangu! Nimempoteza leo asubuhi, na mkono mnataka kuninyang'anya? Shuka, nimesema!"

Vigelegele vikakatika. Chela akashuka. Eduviges akapita katikati ya watu mpaka nyuma ya mlango, mahali ambapo vijana walikuwa wameliegemeza lile bango la wasaliti kama kumbukumbu. Hakuwa amelitazama tangu siku ile, ingawa alipita mbele yake kila asubuhi.

"Picha za ubatizo tulichoma," akasema. "Barua za Anselmo tulichoma. Kila karatasi ambayo leo ingetusaidia tulichoma, tukasema ni usalama wa watu wetu. Hili ndilo tulilohifadhi."

Akalibeba mwenyewe mpaka kwenye pipa nyuma ya ofisi, akalivunja mpini kwa goti lake bovu, na akaomba kiberiti.