Sauti Sikioni mwa Didas

Mwaka 2007 nilikuwa na hasira kuanzia mwezi wa pili hadi wa kumi na moja, na mtu asije akaniambia ningejituliza. Wewe ungekaa miezi tisa kwenye kiti cha nyuma cha gari, ukimwamrisha mtu mzima arudi nyuma, arudi nyuma, arudi nyuma tena, halafu utulie?

Naitwa Imelda. Guangzhou nilifika kwa ufadhili wa masomo, nikamaliza chuo, nikabaki kuwakalimania wafanyabiashara wa nyumbani wanaonunua nguo Zhanqian Road. Kazi yangu ilikuwa kubishana kuhusu jinzi, na naiweza. Muuzaji akisema mei you, hakuna, mimi namtazama usoni tu najua kama mzigo upo chini ya meza. Nilikuwa nimeridhika na jinzi zangu mpaka nilipoletewa Didas.

Didas ni wa Muleba, mkoa mmoja na mimi. Alikuja China akimfuata mfanyabiashara wa Mwanza aliyenunua vipuri vya baiskeli. Jumapili moja akaazima baiskeli, akapanda mlima Baiyun pamoja na vijana wa klabu, wale wenye nguo za kubana na miwani ya rangi. Akawaacha wote, wakamkuta kileleni anamenya chungwa. Mmoja wa waliomwona ni Liang, kocha wa timu ndogo ya kulipwa iliyomilikiwa na kiwanda cha baiskeli. Haikupita wiki, Didas akawa na jezi na mkataba wa msimu mmoja. Kichina hakuwa nacho hata neno, ndiyo maana nikaajiriwa mimi.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kwenye mbio, kila mwendeshaji ana kidude cha redio sikioni, na kocha anafuata nyuma kwa gari akitoa amri. Wenzake saba walimsikia Liang. Didas alinisikia mimi. Liang anabwata kwa Kichina kwenye kiti cha mbele, mimi nabonyeza kitufe, namwambia Didas kwa Kiswahili. Hakuna sauti nyingine iliyoingia sikioni mwake msimu mzima, na hakuna neno lake lililomfikia kocha ila kwa kupitia kwangu.

Na amri zenyewe zilikuwaje? Didas aliajiriwa kuwa msaidizi. Timu nzima inachoka kwa ajili ya mtu mmoja, kepteni, na kepteni wetu aliitwa Pan. Pan akiona kiu, Didas anarudi hadi kwenye gari, anachukua chupa saba, anazishindilia ndani ya jezi mgongoni na kifuani, anaanza kulifukuza kundi upya. Upepo ukivuma, Didas anakaa mbele ili Pan ajifiche. Kule Qinghai mwezi wa saba, kwenye nyanda za juu ambako hata kupumua ni kazi, Pan alipata pancha. Nikabonyeza kitufe nikasema, "Didas, mpe gurudumu lako." Akashuka, akalichomoa, akampa. Tulipompita alikuwa amesimama kando ya barabara, baiskeli begani, mvua ya mawe inamtwanga kichwani, akimngoja fundi. Siku ile alikuwa miongoni mwa wawili watatu waliokuwa na miguu ya kushinda. Alifika wa mwisho.

Nilimchukia Liang. Pan sikumchukia sana, maana naye alikuwa mtu wa kuelekezwa tu. Lakini Liang, na ile tabia yake ya kung'ata mbegu za alizeti huku akisema "mwambie", "mwambie", kana kwamba anaagiza chai, nilimchukia mpaka meno yakaniuma. Didas mwenyewe hakulalamika hata mara moja. Nikimuuliza anasema, "Dada, mkataba ndivyo ulivyo." Hilo nalo lilinitia hasira.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomshikilia. Siku ya kusaini, Liang alimwahidi kwamba siku ya mwisho ya mbio za mwisho za msimu itakuwa yake. Siku hiyo hatambebea mtu maji wala kumngoja mtu. Atapanda kwa ajili yake mwenyewe. Nilizikalimani ahadi hizo mimi, na nikamrudia Liang mara mbili kuhakikisha. Akasema ndiyo mara mbili. Didas hakuwa na tamaa kubwa. Alitaka siku moja ashinde kwa miguu yake, jina lake litangazwe la kwanza, arudi Muleba akiwa mtu aliyewahi kushinda.

Mbio za mwisho zilikuwa za siku tatu, hapa hapa kuzunguka Guangzhou, mwezi wa kumi na moja, na siku ya tatu ilimalizikia mlimani upande wa Conghua. Asubuhi Pan alikuwa wa pili kwa jumla ya muda wa siku mbili zilizopita, sekunde kumi na tano nyuma ya Mkazaki mmoja wa timu nyingine. Nilipoona zile sekunde kumi na tano nikaiogopea ahadi ya Didas. Nikamfuata Liang, laoban wetu, yaani bosi, kwenye maegesho.

"Laoban, leo ni siku ya Didas."

"Kweli kabisa," akasema, macho kwenye simu.

"Uliahidi."

"Nimesema kweli kabisa. Panda gari."

Mbio zikaanza. Kilomita ya ishirini Didas akachomoka na wengine wanne. Hakuwahi kuruhusiwa kufanya hivyo mwaka mzima. Waliongoza dakika nne, kisha tatu, na yeye ndiye aliyekuwa akivuta kwa muda mrefu kuliko wote. Kila nikimpa tofauti ya muda anajibu, "Sawa, dada," na pumzi yake ilikuwa shwari kama ya mtu anayepalilia. Mlima wa mwisho una kilomita tisa. Kwenye kilomita ya pili aliwaacha wale wanne. Msimamizi wa mbio alipolitangaza hilo redioni nilibana mdomo kwa nguvu nisije nikacheka mbele ya Liang.

Sisi tulikuwa nyuma ya Pan. Pan alishaachana na kundi, ila Mkazaki alikuwa amemganda kwenye gurudumu la nyuma na hakubanduka. Didas alikuwa mbele yao dakika moja na nusu, peke yake, na kilele hakikuwa mbali.

Liang akatema maganda ya mbegu kwenye kikombe.

"Mwambie amngoje Pan," akasema. "Asimame pembeni, Pan akifika amvute hadi juu. Watamchosha yule Mkazaki."

"Laoban, leo ni siku yake."

"Mwambie angoje."

"Ulimwahidi. Mimi ndiye niliyemwambia."

Akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Wewe ni mkalimani," akasema. "Kalimani."

Nikabonyeza kitufe. Naikumbuka hasira ile ilivyopanda, kutoka tumboni hadi kwenye ufizi, hasira ya chupa zote na magurudumu yote na mvua ya mawe. Nikasema kwa sauti ile ile ya kila siku, taratibu, Liang asishtuke:

"Didas. Laoban anasema nenda. Usimngoje mtu. Leo ni yako, kama alivyokuahidi."

Nikasikia pumzi zake, kisha akauliza:

"Dada, una uhakika ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo alivyosema."

"Ndivyo hivyo hivyo?"

"Ndivyo hivyo hivyo. Nenda."

"Haya," akasema, kwa sauti ya chini. Nilidhani ni uchovu.

"Amesemaje?" Liang akauliza.

"Amesema sawa."

Tukaendelea kupanda. Kila kona Liang alisogea mbele akichungulia kwenye kioo cha mbele, akitarajia kuiona jezi yetu imesimama kando ya barabara. Kona ya kwanza hakuna mtu. Kona ya pili kulikuwa na polisi na mama mmoja anauza miwa. "Yuko wapi?" akauliza. Nikamwambia atakuwa amesimama mbele kidogo, penye nafasi. Kona ya nne aliacha mbegu zake. Kona ya sita msimamizi wa mbio akatangaza redioni kwamba anayeongoza amebakiza kilomita moja, na tofauti imeongezeka. Liang hakupiga kelele. Alinitazama kwenye kile kioo cha ndani ya gari hadi tukafika juu, na mimi nikamtazama vile vile. Sijawahi kuwa na raha namna ile na sikuona haya.

Didas alishinda. Pan akaingia sambamba na Mkazaki, akabaki wa pili kwa jumla.

Juu pale Liang hakunitaka tena nikalimani. Akamshika mkono binti mmoja wa kujitolea, mwanafunzi anayejua Kiingereza, maana Kiingereza cha kuombea maji Didas alikuwa nacho. Mimi nikasimama hatua mbili nyuma yao. Nilikuwa najisemea moyoni, muulize, muulize tu, nataka kuiona sura yako.

"Kwa nini hukungoja?" binti akamuuliza.

Didas alikuwa amekaa chini, chumvi ya jasho imemkauka mashavuni. Akanitazama mimi kabla ya kumtazama Liang. Naapa alishaelewa kila kitu hapo hapo.

"Niliambiwa niende," akasema. "Nilimuuliza mara mbili. Akasema kocha amesema niende."

Binti akakalimani. Nilitegemea Liang alipuke, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumrudishia, maneno ya Zhanqian Road yasiyofundishwa chuoni. Lakini uso wa Liang ulilegea. Akacheka. Akampiga Didas begani, mara moja, mara mbili, jinsi mtu anavyompiga ng'ombe aliyefika sokoni bila kusumbua. Kisha akamgeukia mwenye kiwanda, aliyekuwa amekuja kuwapa mikono washindi, akamwambia kwa sauti ya kusikika:

"Kosa ni la yule mwanamke. Kijana ni mzuri. Chochote anachoambiwa anafanya."

Mimi nikaambiwa nirudishe redio na nitafute usafiri wangu wa kurudi mjini. Sikujali. Nilipanda basi nikiwa bado na lile joto la ushindi kifuani, na njia nzima nilikuwa nikiwahadithia moyoni rafiki zangu wa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika pale mjini, jinsi nilivyomtoa Didas mikononi mwa Liang.

Siku ya tatu yake, mchana, Didas akanikuta kwenye mgahawa wa Mkongo pale Xiaobei, ghorofa ya pili, ninapokula kila siku. Nikasimama kumkumbatia. Akanipa mkono. Akakaa, akaweka bahasha mezani.

"Mkataba mpya," akasema. "Miaka miwili. Naomba unisomee."

"Miaka miwili? Nilikwambia mimi. Ukishinda watakuona."

"Nisomee, dada. Kama ulivyoandikwa. Usiongeze na usipunguze."

Nikasoma. Ukurasa wa kwanza ulikuwa maneno ya kawaida. Kwenye wa pili sauti yangu ikaanza kupungua, nikaendelea tu, maana aliniomba. Kazi ilikuwa ile ile. Msaidizi. Kubeba maji, kutoa gurudumu, kungoja kila atakapoamriwa. Safari hii hapakuwa na ahadi ya siku yoyote. Chini kabisa, mtu wa ofisini alikuwa ameandika sababu ya kumwongezea muda: nidhamu, na kufuata maelekezo bila kuuliza.

"Mbwa hawa," nikasema. "Didas, usisaini. Nitakwambia la kufanya, mimi na wewe tutakwenda—"

"Dada."

Hakupaza sauti.

"Unajua tangu lini nilijua Liang hatatimiza?" akasema. "Tangu Qinghai. Nimesimama pale na baiskeli begani nikajua kabisa. Siku yangu ikifika atasema ningoje. Nikasema sawa, na aseme. Miezi minne, dada, nilikuwa naisubiri ile amri. Kila nikipanda mlima wa mazoezi naisubiri. Nilishajua nitajibu nini."

"Ungejibuje?"

"Bu xing."

Maana yake haiwezekani. Kila anayefika Xiaobei hulijua neno hilo siku ya kwanza, maana wauzaji hukutupia ukiomba kupunguziwa bei. Nilikuwa nimesahau kwamba naye aliingia mji huu kwa mlango ule ule.

"Nilitaka ulitamke mbele yake kwa sauti, alisikie," akasema. "Halafu ningekwenda. Ningeshinda vile vile, dada. Miguu ilikuwepo. Lakini Liang angejua nimemkatalia. Wote wangejua. Sasa wanajua nini? Wanajua mimi natii. Hata siku niliyoshinda, nilishinda kwa sababu nilitii."

Nikataka kumwambia nilimhurumia. Nikataka kumwambia nilikuwa na hasira kwa niaba yake, mwaka mzima, hasira ambayo yeye mwenyewe hakuionyesha. Kisha nikakumbuka ile "haya" yake ya mlimani, sauti ya chini niliyodhani ni uchovu, na sasa nikaielewa. Nilikuwa nimemchukia Liang kwa kumfanya Didas mtu wa kuelekezwa, na siku ya siku nikamwelekeza mimi, kwa jina la Liang, huku najipongeza. Niliona aibu, na hasira yangu yote ikaja ikanikalia mimi.

"Nisamehe," nikasema.

"Nimeshakusamehe. Lakini sijapoa."

Akaukunja mkataba bila kuusaini, akaurudisha kwenye bahasha. Akasema anakwenda kambini kwa Liang, sasa hivi, kabla hawajaondoka kwenda mapumzikoni. Nikachukua mkoba wangu nikainuka. Nikamuuliza atamweleza vipi bila mkalimani.

"Kaa ule, dada," akasema. "Neno lenyewe ni moja, na nitalisema mwenyewe."