Kisigino cha Buti la Kushoto

Hakuwa na cheti cha sekondari. Hakuwa na tai, wala kadi yenye jina na cheo, wala mtu wa kumpigia simu katika ofisi yoyote. Meno mawili ya mbele yalishamtoka zamani, na kiti chake cha kazi kilikuwa kopo la rangi lililopinduliwa. Subira ndiyo kabisa, hakuwa nayo hata chembe.

Alichokuwa nacho yule fundi viatu ni macho yasiyoacha herufi ipite. Tangu alipojifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni, alisoma kila kitu: karatasi za kufungia misumari, masharti nyuma ya tiketi, hata tangazo lililokwisha muda. Majirani walimwita Profesa wa Gundi, naye aliitika.

Alhamisi asubuhi shemeji yake, mjane wa kaka yake, alifika kibandani akihema.

"Shemeji, weka nyundo chini. Mabuti ya kaka yako yako makumbusho ya jeshi."

"Yale uliyompa yule karani wa kikosi aliyekusanya kumbukumbu za vita?"

"Hayo hayo. Twende ukaone mwenyewe. Mimi nikisimulia nitalia njiani."

Walikuta mabuti yamewekwa ndani ya kabati la kioo, yakimulikwa na taa. Chini yake kulikuwa na kibao: *Mabuti ya afisa asiyejulikana. La kushoto limeharibiwa na fundi asiye na ujuzi.*

Fundi alisoma mara mbili. Masikio yakamwaka moto.

Kaka yake hakuwa afisa siku hata moja. Alikuwa mbeba machela. Vitani ukuta ulimwangukia, mfupa wa mguu wa kushoto ukaunga vibaya, mguu ukawa mfupi kwa upana wa vidole viwili vya mkono. Walipotaka kumrudisha nyumbani akagoma. Basi mdogo wake, ambaye wakati huo alishona viatu katika karakana ya jeshi, akakiinua kisigino cha kushoto kwa tabaka tatu za ngozi, zote kwa mkono. Kwa buti hilo kaka yake aliteremsha majeruhi mlimani mpaka vita vikaisha.

"Mzee, usiegemee kioo," alisema kijana mwenye tai. Ndiye aliyekuwa mkuu wa maonyesho.

"Sijaegemea, nasoma. Nani kaandika uongo huu?"

"Ni utafiti. Tazama hiyo ngozi ya kisigino. Askari wa kawaida hakupewa ngozi nzuri hivyo."

"Nimeikata mimi kwenye begi la kapteni."

"Kwa ruhusa yake?"

"Kwa ruhusa ya kisu."

Shemeji aliangua kicheko, akajiziba mdomo. Kijana hakucheka.

"Una cheti gani cha historia, mzee?"

"Cheti unacho wewe. Historia ninayo mimi."

"Hata hivyo, limeshaamuliwa. Mabuti yanasimama upande, wageni wanauliza. Kesho saa nane mchana tunapunguza kisigino yakae sawa. Pengine aliyelishona alikuwa amelewa."

Damu ilimpanda kichwani. "Aliyelishona ni mimi! Na pombe sijaionja mpaka leo! Ukiletewa mkongojo wa kilema utaukata kwa kuwa haulingani na fimbo yako?"

"Tulia, mzee. Kiatu ni kiatu tu. Zamani majeshi yalivaa viatu visivyo na kushoto wala kulia."

"Hilo nalijua wewe hujazaliwa! Askari walikuwa wakivibadilisha miguu ili soli ziishe sawa. Lakini hili lina kushoto kwake, na lina mwenyewe. Ukikata hapo unamfuta mtu!"

Mlinzi aliitwa. Akawasindikiza nje kwa adabu, mkono mgongoni mwa mzee kama anayesukuma mkokoteni.

Mlangoni, kando ya mtungi wa kuzimia moto, palitundikwa fremu yenye vumbi. Watu wote walipita. Fundi akasimama, akapangusa kioo kwa kiwiko. Yalikuwa masharti ya makumbusho. Kifungu cha tisa kilisema jamaa wa mwenye kitu ana haki ya kuweka pingamizi kwa maandishi. Tangu saa pingamizi linapotumwa kwa posta ya rejista, ile ya kukatiwa stakabadhi, kitu hicho kisiguswe mpaka lijibiwe.

"Kijana!" alimwita mkuu wa maonyesho, aliyekuwa amewafuata mpaka mlangoni. "Umewahi kukisoma hiki?"

"Hicho cha zamani."

"Kina saini na muhuri. Kimefutwa lini?"

Mkuu wa maonyesho akatengeneza tai yake, akaingia ndani.

Mchana ule fundi aliketi kwenye meza ya shemeji yake, kalamu mkononi. Mstari wa kwanza ulianza na neno "wapumbavu".

"Futa, shemeji. Wakikasirika hawatasoma."

"Mbona mimi nimekasirika na nimesoma?"

"Wewe ni wewe. Andika kilichotokea. Andika vidole viwili. Andika ukuta. Na hicho kibao wakibadilishe, jina lake liandikwe kamili."

Akaandika. Kila alipofika kwenye "fundi asiye na ujuzi" kalamu ilitaka kutoboa karatasi, lakini alijikaza. Mjane akatia saini polepole, naye akatia yake chini, kama shahidi na kama aliyelishona buti.

Ijumaa saa nne walikuwa posta. Dirisha la rejista lilikuwa limefungwa.

"Wamekwenda chai," alisema karani wa dirisha la pili. "Tuma ya kawaida, mzee. Itafika vile vile."

"Itafika, na kisigino kitakuwa kwenye pipa la taka. Nasubiri."

"Wanaweza kukaa mpaka saa sita."

"Basi nitasoma matangazo yenu."

Alikuwa kwenye tangazo la saba dirisha lilipofunguliwa. Shemeji akampa barua. Akaipitia mara ya mwisho, akaikunja mara tatu, akaiingiza kwenye bahasha, akalowesha gundi na kuibana kwa dole gumba mpaka kucha ikawa nyeupe. Karani akagonga muhuri: saa tano na dakika arobaini. Akawakatia stakabadhi ya kwenda kuonyesha makumbusho kabla ya saa nane, kisha akaitumbukiza barua ndani ya mfuko, na mfuko ukabebwa kwenda garini.