Taa Ikiwaka, Nyumbani

Nguzo ile ya taa, pale kona ya mtaa, ilikuwa ya chuma, imepakwa rangi ya kijani, na juu karibu na taa ilikuwa na mkono mfupi uliotokeza pembeni. Mkono huo uliwekwa zamani ili mwasha taa apate pa kuegemeza ngazi yake, lakini watoto wa Mtaa wa Crabtree walijua fika kwamba uliwekwa kwa ajili yao, wafunge kamba ya kuanikia nguo na kubembea mpaka mwenye kamba atoke nje kuidai. Clifford Bagshaw alibembea hapo. Enid Staniforth, wa nyumba ya ng'ambo, alibembea kuwashinda wavulana wote, na siku moja akamng'oa Clifford jino kwa kisigino cha kiatu. Walipokua Clifford akamwoa, labda kwa kulipiza kisasi.

Siku hizo mji mzima wa Sheffield, Uingereza, ulikuwa na sheria moja kwa watoto: taa ikiwaka, nyumbani. Taa ilianza na wekundu hafifu, ikanguruma kidogo, kisha ikakolea rangi ya chungwa. Hapo milango ilifunguliwa na kina mama wakaanza kuita watoto kwenye chai, kama watu wa huko wanavyokiita chakula cha jioni. Mama Staniforth ndiye aliyekuwa na sauti kali kuliko wote.

"Eeenid Staniforth! Chai iko mezaaani!"

"Dakika tano tu, mama!"

"Hata moja!"

Clifford hakuitwa na mtu. Mama yake alifanya zamu ya jioni kwenye kiwanda cha visu, akisugua vijiko mpaka ving'ae, kwa hiyo yeye alibaki chini ya taa akisikiliza wenzake wakiitwa mmoja mmoja mpaka mtaa ukanyamaza. Aliyaonea wivu makelele yale, na hakuwahi kumwambia mtu.

Uzeeni Enid akaanza kusahau. Alisahau jiko, akasahau jina la binti yao Gillian, na kuna asubuhi alimuuliza Clifford kama ndiye fundi bomba. Lakini nguzo hakuisahau. Kila jioni alivaa koti lake la bluu, akaenda kusimama pale kona, na taa ilipowaka alirudi mwenyewe, uso umemchangamka, akiuliza leo kuna chai gani. Clifford alimtazama kupitia dirisha la sebuleni, akamshukuru Mungu kwa kile chuma. Maana Gillian, aliyeishi mji wa Leeds na kuogopa kwa sauti kubwa, alishasema wazi kwenye simu: "Baba, mama akipotea tena, hata mara moja, anakwenda kwenye nyumba ya wazee. Sitaki kubishana." Mara iliyopita polisi walimkuta kituo cha tramu, ile treni ya mjini, amevaa ndara za kuogea.

Jumanne moja lori la halmashauri lenye winchi ya kunyanyulia likapanda kilima cha mtaa wao. Akashuka fundi mmoja mwenye ndevu, Darren, koti la manjano mpaka magotini.

"Habari ya asubuhi, mpenzi," alimwambia Clifford, kama wanaume wa Sheffield wanavyosalimiana, hata wenye vipara.

"Mnaipeleka wapi hiyo nguzo?"

"Chuma chakavu, mpenzi wangu. Tunakuwekea mpya palepale. Kwa mwanga wake utasoma gazeti barabarani."

"Nani kakwambia nataka kusoma gazeti barabarani? Na hiyo yenu mbona haina mkono?"

"Mkono wa nini, babu? Unataka ikusalimie?"

Clifford alitamani kumweleza, lakini ugonjwa wa mkeo si jambo la kumwaga mbele ya mtu mwenye kofia ya plastiki. Akajikaza kisabuni, akaenda kuwatengenezea chai ya maziwa, kwa sababu mtu anayefanya kazi mlangoni pako humnyimi chai, hata kama anakuvunja moyo. Aliporudi na vikombe, nguzo ilikuwa imelazwa kwenye lori. Chuma cha ule mkono kilikuwa kimelika mahali pamoja, pale kamba zilipokuwa zikisugua. Clifford akapagusa kwa kidole. Akasikia uchungu kama amefiwa, na akaona aibu kulilia chuma.

Basi akajidanganya. Akajiambia mahali ni palepale na taa ni taa. Jioni Enid alipovaa koti na kutoka, yeye akaingiza pai kwenye jiko, akafungua kopo la njegere, akili imetulia. Mara nje kukawa kweupe pe, weupe wa chumba cha upasuaji, bila wekundu, bila mngurumo. Alipochungulia, kona ilikuwa tupu.

Alitoka na taulo la jikoni begani. Jirani yao Shazia Akhtar alikuwa akishusha mifuko kwenye gari.

"Mjomba Cliff, unamtafuta shangazi? Kapita hapa sasa hivi. Kaniambia anatafuta taa, nami nikadhani ananitania!"

Wote wawili wakatazama bondeni. Koti la bluu lilikuwa chini kabisa, hatua chache kutoka kwenye reli za tramu, na linaendelea kwenda. Shazia akatupa mifuko, akatimua mbio. Clifford na magoti yake mabovu akabaki palepale, roho mkononi.

"Enid! Enid, rudi!"

Hakugeuka. Angegeukaje? Katika mtaa ule hakuna mwanamume aliyewahi kumwita mtoto ndani. Ile ilikuwa kazi ya kina mama. Nyuma ya kanisa kengele ya tramu ikalia.

Clifford, ambaye hata kanisani hufumbua mdomo tu bila kuimba, akaweka viganja mdomoni, akaibana sauti mpaka ikapanda juu.

"Eeenid Staniforth! Chai iko mezaaani!"

Ilitoka kama jogoo mwenye mafua. Mapazia yakafunuliwa mtaa mzima. Kule chini koti la bluu likasimama, kisha likageuka.

"Dakika tano tu, mama!"

"Hata moja!"

Tramu ikapita nyuma yake, madirisha yote yana mwanga. Enid akapanda kilima amenuna, Shazia amemshika mkono.

"Gillian mimi simwambii kitu," Shazia alinong'ona, anahema. "Lakini kesho mjomba uite mapema, kabla hajafika kona."

"Nitaita. Kila siku nitaita."

Enid alimtazama Clifford chini ya ule weupe, na safari hii hakumwona fundi bomba.

"Cliff Bagshaw! Bado uko nje? Hujaitwa?"

Clifford akatikisa kichwa. 

Enid akaangalia mlango uliokuwa wazi, akanusa harufu ya pai, kisha akamshika mkono.

"Basi njoo kwetu," alisema. "Mama hatasema kitu. Ila ufute miguu."

Clifford akafuta miguu, akaingia.