Mate ya Baba

Sadoki alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kwenda Ulaya kusomea ualimu. Asubuhi ya kuondoka, baba yake, mzee Sakaya, alimfanyia kile ambacho Waarusha humfanyia mtoto anayekwenda mbali. Alipiga funda la pombe ya asali, akamtemea usoni na kifuani kumbariki, akamwomba Mungu wao, akasema, "Engai akutangulie. Urudi unikute."

Lakini mchungaji wa Kijerumani alikuwa amesimama pale pale, na mishenini pombe ilikuwa marufuku. Sadoki akatoa leso mpya aliyopewa kwa ajili ya safari, akajifuta uso mzima, hadi nyuma ya masikio. Baba yake alimtazama mpaka akamaliza. Kisha mzee akageuka, akaenda zizini kwa ng'ombe wake, wala hakumsindikiza.

Walitembea kutwa nzima kuifuata treni huko Moshi, na kila Sadoki alipogeuka, Mlima Meru ulikuwa bado uko mgongoni mwake, hautaki kupungua. Jioni walipiga kambi kando ya mto, mchungaji akapita akikusanya nguo zenye vumbi zikafuliwe.

"Leso yako iko wapi?"

"Imepotea njiani, bwana."

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza tangu abatizwe. Mchungaji alipompa kisogo, Sadoki akaichomoa shatini. Ilikuwa imekauka kau, na harufu ya asali ilibaki kwa mbali sana. Akaiweka puani, akavuta pumzi kidogo kidogo, akiogopa kuimaliza.